George Reynolds, Mfungwa wa Sheria ya Ndoa

Hapa Chemba mume mwenye wake wawili si ajabu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 yairuhusu ndoa hiyo, kwa masharti yake. Leo tusome habari za mtu aliyefungwa kwa ajili ya ndoa kama hiyo.

George Reynolds alizaliwa London mwaka 1842. Alikuwa Mmormoni, akahamia Utah, Marekani, mwaka 1865. Siku hizo kanisa lake lilifundisha ndoa ya wake wengi, lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1862 iliikataza. Mwaka 1874 Reynolds alioa mke wa pili. Wakubwa wa kanisa walitaka sheria ile ipimwe mahakamani, naye akakubali kushtakiwa.

Mwaka 1879 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua hivi: serikali haiwezi kuzuia imani ya mtu, lakini yaweza kuzuia matendo yake. Reynolds akafungwa, akawaacha wake zake na watoto. Huko gerezani aliwafundisha wafungwa wenzake kusoma na kuandika. Alifunguliwa mwaka 1881. Mwaka 1890 kanisa lake lilitangaza kuiacha ndoa hiyo.

Swali la kuzungumza: Je, imani na matendo vyaweza kutenganishwa?