Kabla ya Kununua Plagi

Mafundi wana neno lao la injini inayokosa mpigo: inamisi. Gari likiwa limesimama linatetemeka, likipanda mlima linaishiwa nguvu, na silensa inatoa mlio wa kukatikakatika. Kwa pikapu ya zamani yenye silinda nne, kwa kawaida maana yake ni kwamba silinda moja haichomi mafuta na zile tatu zinaibeba.

Dunda ni kata ya mjini Bagamoyo, mji ulioishi kwa usafirishaji tangu enzi za wapagazi. Misafara ya karne ya 19 iliishia hapa, mizigo ikangoja majahazi ya kwenda Unguja. Baadaye magari yalipokea kazi ya mabega; samaki na chumvi vikapanda pikapu. Ila hewa ya bahari haipatani na umeme. Unyevu wenye chumvi ukiingia kwenye kifuniko cha distributa, umeme unavuja njiani na plagi inakosa cheche.

Kupima ni kwa hatua. Injini ikiwa inaunguruma, fundi anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mngurumo ukishuka, silinda hiyo ni nzima. Kisipobadilika kitu, hiyo ndiyo iliyokufa. Anazima injini na kuhamishia plagi yake kwenye silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, anakagua waya, kifuniko, kisha mgandamizo wa silinda yenyewe.

Plagi nayo ni waraka kwa anayejua kuisoma. Kahawia iliyopauka ni afya. Masizi makavu yanasema petroli imezidi hewa. Weusi ulioloa oili unasema ringi au valvu zimechoka.

Mfumo wa koili na pointi, uliobuniwa na Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20, ulienea duniani, na kipimo hiki pia. Lakini Tanzania kilipata uzito wake. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, Vita vya Kagera vikaongeza mzigo, fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri navyo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata kujaza bidhaa stoo kulikuwa hatari. Mwenye plagi moja tu mkononi habahatishi. Sharti ajue kwanza.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mlango ukafunguka, na baadaye magari yaliyotumika Japani yakajaa barabarani pamoja na vipuri vyake. Kubahatisha kukawa rahisi: badili plagi zote, ikishindikana, badili koili. Anayelipia ni mwenye gari, mchuuzi ambaye barafu ya samaki wake inayeyuka huku fundi akijaribu kipuri cha tatu.

Siku hizi ipo mashine ya kupima. Kwenye magari yenye kompyuta inaandika P0303: silinda ya tatu inamisi. Haisemi kama kosa ni plagi, koili, nozeli au valvu. Fundi bado anapaswa kuhamisha kifaa na kutazama kama ugonjwa unakifuata. Na pikapu ya kabureta haina hata pa kuichomekea mashine hiyo.

Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewaingiza mafundi wa gereji za Tanzania katika historia ya maendeleo. Kazi haijaisha. Aliyejifunza kuchomoa waya mwaka 1983 akiwa na miaka 20 sasa amevuka 60. Ujuzi wake umo masikioni na vidoleni, wala hauko kwenye jalada lolote la Nyaraka za Taifa. Sisi tunaosoma historia tuna simu zenye vinasa sauti. Tuanzie gereji, tukiwa na maswali, wakati wenye majibu bado wako kazini.