Neno lililokuwa tayari: Anuarite na usiku wa Isiro

Mtunga Zaburi ya 119 anamwambia Mungu kwamba amelificha neno lake moyoni ili asimkosee. Naye Luka, katika sura ya pili ya Injili yake, anasema mara mbili kwamba Maria aliyaweka mambo yote moyoni mwake. Kuweka neno moyoni ni nini hasa? Historia ya nchi yetu ina jibu, wala halitoki mbali na Ituri.

Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939. Aliingia katika shirika la masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959, akawa mwalimu. Alijichagulia shabaha fupi ya maisha: kutumikia na kufurahisha. Alikuwa na kazi za kila siku, na hakuna aliyejua kazi hizo zilikuwa zikimtayarisha kwa saa gani.

Mwaka 1964 waasi Simba waliteka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka mjini humo tarehe 24 Novemba, ukali wa waasi ulizidi, na wamisionari, watawa na raia wengi waliuawa. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawachukua masista kwa lori. Masista waliambiwa wanapelekwa Wamba, lakini walifikishwa Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Olombe alitaka kumtwaa Anuarite kwa nguvu. Anuarite alikataa. Akapigwa vikali pamoja na mwenzake, Sista Jean-Baptiste Bokuma. Katikati ya mapigo alimwambia mtesi wake kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolitenda. Kisha akachomwa visu vya bunduki na kupigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Tuyapime maneno yale. Ni sala ya Yesu msalabani, katika Luka sura ya 23. Saa ile hapakuwa na nafasi ya kufungua kitabu wala ya kumwuliza padri. Kinywa kilitoa kilichokuwa moyoni tayari. Sisi walimu twajua kwamba mwanafunzi aweza kukariri somo zima, kisha akalisahau mtihani ukiisha. Neno likaalo ni lile lililotendwa mara nyingi katika mambo madogo: kumsamehe mwenzako wa darasani, kunyamaza unapotukanwa, kutumikia bila kushukuriwa.

Tena sisi wa Bunia, tuliopitia mwaka 2003 na misiba iliyofuata, twajua kwamba moyo haukai mtupu. Mtoto asipopewa neno la Mungu, atapewa neno lingine: jina la kabila la kuchukiwa, hesabu ya waliouawa inayodai kulipwa, wimbo wa matusi. Hayo nayo hukaririwa, na hasira ikipanda ndiyo hutangulia kutoka.

Lakini tusikosee: msamaha wa Anuarite haukuwa kuukubali uovu. Aliukataa hadi mwisho, na bado hakumchukia mwovu. Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri, akasema kwamba yeye pia, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe muuaji. Papa huyo mwenyewe alikuwa amepigwa risasi mwaka 1981, akaenda gerezani kuonana na aliyempiga.

Basi, kila kundi la vijana lichague aya moja ya Injili kwa juma. Muisome pamoja, muishike kwa kichwa, na mnapokutana tena msiulizane ni nani anayeikumbuka. Ulizaneni ni wapi ilitendwa: nyumbani, sokoni, shuleni, au mbele ya jirani wa kabila lingine. Ndivyo neno linavyoshuka kutoka kichwani hadi moyoni, likingoja saa yake.