Bati si bati: Ngozi nyembamba inayozuia kutu

BAMBA, kwa Kiswahili, ni kipande cha metali kilicho bapa na chembamba. Gari lina bamba la nambari, na betri yake ina mabamba ya risasi yaliyotoswa katika asidi. Aliyevunjika paja naye huenda akatoka hospitalini akiwa na bamba la titani lililokazwa mfupani kwa skrubu.

Bati lina kisa chake. Kwa asili ni jina la metali nyeupe, laini, ambayo mafundi wa kale waliipaka ndani ya vyombo vya shaba ili chakula kisiharibike. Leo hii, ukitaja mabati nchini Kenya, msikilizaji hufikiria paa. Ajabu ni kwamba katika paa hilo hamna bati hata chembe! Ni chuma kilichovikwa utando wa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini.

Mwingereza Henry Robinson Palmer ndiye aliyesajili hataza ya bamba la chuma lenye mikunjo, jijini London mwaka wa 1829. Kunja karatasi mara kadhaa kama kipepeo cha mkono nawe utaona jinsi inavyobeba uzito ambao karatasi bapa haiwezi. Mnamo 1837, Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyozaa paa tulijualo. Katika eneo la Kati, miaka ya 1960 na 1970, akina mama walichanga pesa kwa zamu ili kila mmoja wao aezeke nyumba yake, hata vyama vyao vikaitwa vikundi vya mabati.

Kazi ya zinki si kufunika tu. Panapotokea mkwaruzo na maji yakaingia, zinki huliwa kwanza na chuma kikasalimika kwa muda. Bati halisi, lile linalopakwa kwenye mikebe ya vyakula, hutenda kinyume. Likikwaruzwa, chuma ndicho kinacholiwa, tena upesi kuliko kama kingeachwa wazi. Kwa hivyo, utando huo wa bati unafaa tu ukiwa mzima.

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Unene wa bati la paa hutajwa kwa geji, na kadiri nambari inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ina takriban milimita 0.4, ilhali geji 30 ina takriban 0.3. Wengi hudhani kwamba 30 ni bora kwa kuwa ni kubwa!

Hata hivyo, geji haisemi lolote kuhusu wingi wa zinki. Huo hupimwa kwa gramu katika kila mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Alama Z275, kwa mfano, humaanisha gramu 275, yaani utando wa takriban maikroni 20 kila upande. Mabati mawili yanaweza kung'aa sawasawa dukani, moja likiwa na zinki maradufu ya lenzake, na macho yasitambue. Ni heri kuuliza vipimo vyote viwili, unene na zinki, na kutaka viandikwe kwenye risiti. Kwa mkazi wa Pwani, ambako upepo wa bahari huja na chumvi inayoila zinki kwa kasi, swali la pili ni zito kuliko la kwanza.

Aidha, fundi asikate mabati kwa msumeno wa umeme unaotoa cheche. Joto lake huunguza utando kandokando ya mkato, na vumbi la chuma linaloanguka juu ya paa huota kutu kwa mvua ya kwanza. Makasi ya bati yanatosha, na paa lifagiliwe siku iyo hiyo kabla fundi hajashuka.