Kumficha Mtoto Si Kumpokea



Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, wanafunzi wanakutana na mtu aliyezaliwa kipofu, na mara moja wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana anawajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Swali lile halikuishia Yerusalemu. Hapa kwetu, Usumbwa na Usukuma, limeulizwa miaka mingi kila alipozaliwa mtoto mwenye ualbino: mama yake amekosa nini? Juma hili tunapenda kuitafakari historia yetu wenyewe, kwa maana wahenga walituasa tuangalie tulipojikwaa, si tulipoangukia.

Tuanze hata hivyo na pale tulipoangukia. Kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012, Masumbwe yetu ilikuwa ndani ya Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Ni katika wilaya hiyo kwamba mwezi Desemba 2008 kijana wa miaka 14 mwenye ualbino aliuawa. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwatia hatiani watu watatu na kuwahukumu kunyongwa. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kwa mahakama kutoa hukumu juu ya mauaji ya namna hiyo. Hivyo basi, taifa lilipoanza kuwahukumu wauaji hawa, lilianzia nyumbani kwetu.

Mauaji hayo yalizaliwa na uongo: kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu machimboni, samaki ziwani na ushindi katika uchaguzi. Wapiga ramli waliuuza uongo huo, na wenye tamaa ya utajiri wa haraka waliununua. Hata katika lugha yetu ya kila siku, mtu aliyepita njiani aliitwa “dili”, kana kwamba ni bidhaa. Kati ya mwaka 2000 na 2015 watu zaidi ya 70 wenye ualbino waliuawa nchini, wengi wao katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa.

Serikali haikukaa kimya. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu, Mheshimiwa Mizengo Pinda, alifuta vibali vya waganga wa jadi, na mwezi Machi wananchi walipiga kura za siri kuwataja waliowashuku. Mwaka huo huo nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mheshimiwa Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Mheshimiwa Salum Barwany. Wote wawili ni watu wenye ualbino.

Wakati huo huo watoto walikuwa wakihamishwa vijijini na kupelekwa mahali penye ulinzi. Shule ya Buhangija, Shinyanga, iliyokuwa ikiwahudumia watoto wasioona, ikawa kimbilio lao. Tunamshukuru Mungu kwa walimu na walezi wa huko, maana waliokoa maisha. Lakini tuseme ukweli: wapo watoto waliofikishwa wakiwa wadogo na hawakutembelewa tena na ndugu zao. Walikua bila kumjua shangazi wala kaka, bila kulijua shamba la baba. Tulimwondoa kondoo zizini kwa kumwogopa fisi, kisha tukamwacha fisi akizunguka boma letu. Kumficha mtoto kuliokoa uhai wake. Hakukumrudishia ukoo wake.

Na fisi hakuondoka. Mwaka 2024, huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao, na baadaye mwili wake ukapatikana. Kati ya watu 9 waliofikishwa mahakamani mwezi Juni mwaka huo alikuwemo padri. Kushitakiwa si kuhukumiwa. Lakini sisi tunaohudumu altareni hatuwezi kulipita jambo hili kimya na kuwahubiria wengine. Mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba nchi yetu ilishindwa kuwalinda ipasavyo watu wenye ualbino.

Je, tulijikwaa wapi? Tulijikwaa kwenye lile swali la wanafunzi. Aliyezoea kumwona mtoto kama laana hatashangaa sana akisikia ana bei. Ualbino si laana. Ni hali ya kurithi, na kwa kawaida baba na mama wote wawili hubeba chembe yake bila wao kujua. Hakuna mama wa kufukuzwa kwa sababu hiyo. Mtoto huyo anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kumkinga na jua, maana saratani ya ngozi nayo huwaua wengi. Macho yake huona kwa shida, basi akae mbele darasani na aandikiwe kwa herufi kubwa. Akili yake haina kasoro.

Wapendwa, sheria humkamata muuaji baada ya damu kumwagika. Anayeweza kumzuia kabla ni jirani. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote za parokia, juma hili, zijiulize: ni nani katika nyumba zetu 10 au 15 hajawahi kuonekana kwenye sala? Mara nyingine ni mtoto mwenye ualbino, mara nyingine ni mwenye usonji anayefungiwa chumbani kwa aibu. Tusali nyumbani kwake. Tulijue jina lake, tumwite kwa jina hilo, na siku asipoonekana tuulize yuko wapi.

Bwana aliyemfungua macho yule kipofu atufungue na sisi.

Mungu awabariki nyote.