Mambo ya kujua kabla ya kukarabati banio la zamani Mto Katuma

- Banio likichakaa, mkulima hukosa maji na kingo za mto huliwa.
- Likikarabatiwa bila mgao, wa chini hubaki na mto mkavu.
- Kibali, lango la mchanga na kipimio ni vitu vya kuanza navyo.

Sitalike. Kiangazi kikikaza, viboko wa Mto Katuma hubanana kwenye madimbwi machache yaliyobaki karibu na daraja la Sitalike, takriban kilomita 40 kutoka Mpanda mjini. Watalii hupenda kuwapiga picha, lakini msongamano ule ni dalili kwamba maji yamepungua.

Katuma hupita Sitalike, huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilomita za mraba 4,471 na kulisha mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji huelekea bonde la Ziwa Rukwa. Kabla ya kufika huko, mto na vijito vyake hutumika kwenye mashamba ya mpunga, yakiwemo ya Mwamkulu na Kakese katika Manispaa ya Mpanda.

Tafiti za wanaikolojia zimehusisha kupungua kwa maji ya kiangazi ndani ya hifadhi na uchepushaji wa maji kwa ajili ya kilimo huko juu. Hivyo jinsi banio linavyotengenezwa juu ya mto, matokeo yake yanaonekana Sitalike.

Banio ni nini?

Ni ukuta mfupi unaokatiza mto ili kuinua kina cha maji yaingie kwenye mfereji wa shamba. Siyo bwawa, kwa sababu halihifadhi maji ya msimu mzima.

Mabanio ya asili hujengwa kwa magogo, matete, mawe na viroba vya mchanga. Hubomoka karibu kila masika na wakulima huyajenga upya. Ya kisasa ni ya zege au mawe na yana malango ya chuma.

Kwa nini huharibika?

Sababu kubwa ni nne:

1. Maji kuchimba chini ya ukuta. Maji yanayoruka ukuta huanguka kwa nguvu na kuchimba shimo upande wa chini. Shimo likikua, msingi huning'inia na ukuta hupasuka. Dawa yake ni kushusha msingi zaidi na kutandika sakafu ya zege au mawe makubwa pale maji yanapoangukia. Kupaka saruji kwenye ufa bila kugusa msingi ni kupoteza hela.

2. Mto kuzunguka banio. Mafuriko hukata ukingo wa udongo pembeni ya ukuta na mto hupata njia mpya. Banio hubaki zima, ila maji hayafiki kwenye mfereji. Hapa kuta za pembeni zinatakiwa kuingia ndani kabisa ya ukingo, zikilindwa na gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe.

3. Mchanga kujaa. Maji yakipunguza mwendo nyuma ya ukuta, mchanga hutua na kuziba mdomo wa mfereji. Ndiyo maana banio zuri huwa na lango la kusukuma mchanga, ambalo hufunguliwa mto ukijaa.

4. Malango kufa. Kutu, skrubu bila grisi na vyuma kuibwa hufanya lango ligome kufunguka au kufunga. Ni tatizo dogo kwa gharama, lakini ndilo huanzisha mengine.

Kingo nazo zikarabatiwe

Zege peke yake haliwezi kushika mto. Ukingo uliolimwa hadi mwisho, au unaokanyagwa na ng'ombe kila siku wakishuka kunywa, humomonyoka na udongo wake huishia kwenye mfereji.

Nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva, miti ya asili na njia maalumu ya kunyweshea mifugo husaidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Funzo kutoka Usangu

Ukarabati mzuri kihandisi unaweza kuleta shida nyingine. Katika Bonde la Usangu mkoani Mbeya, mabanio ya asili yalikuwa yanavuja, na maji yaliyovuja ndiyo yalikwenda kwa watu wa chini.

Baadhi yalipobadilishwa kuwa ya zege na malango, wa juu walipata uwezo wa kuchukua karibu maji yote ya kiangazi. Kilimo cha umwagiliaji kilipanuka, na tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Chukua mfano rahisi. Mfereji una uwezo wa kubeba lita 300 kwa sekunde. Masika mto ukiwa na lita 3,000, hakuna atakayelalamika. Mwezi Oktoba mto ukibaki na lita 300, lango lile lile likiachwa wazi linaweza kumaliza mto wote.

Suluhisho ni kujenga banio linalogawa maji: sehemu iende shambani, sehemu ipite chini hata mto ukiwa mdogo. Upenyo wa maji ya chini uwe wa kudumu, usiwe na lango la kufungwa usiku.

Kabla ya kuanza kazi

- Kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuchepusha au kuzuia maji ya mto. Kwa Katuma, pa kuanzia ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa. Katika ugawaji, matumizi ya nyumbani ni ya kwanza, mazingira yanafuata, kisha shughuli za uchumi.
- Usanifu. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, ina wataalamu wa mabanio na mifereji.
- Muda. Kazi ya ndani ya mto ifanyike kiangazi na iishe kabla ya mvua za Novemba.
- Kipimio. Wekeni ubao wa kupimia kina kwenye mfereji na mtoni, kila mtu aone nani anachukua kiasi gani.
- Mgao. Waiteni wakulima, wafugaji na watu wa chini, Sitalike na hifadhi wakiwemo, kabla michoro haijakamilika.
- Matunzo. Chama cha wamwagiliaji kitenge fedha za grisi, rangi na kuzoa mchanga kila msimu, na kimtaje kwa jina mtu anayeshika funguo za malango.