Nyumba za Kumudika

Karatasi iliyosomwa kwenye mkutano wa hadhara hapa Usinge, wilayani Kaliua, wakati mauzo ya tumbaku yamekwisha na watu wana nafasi ya kukaa kivulini, ilikuwa na sentensi iliyonikera na inayonikera hadi leo: serikali inakusudia kuwapatia wananchi "nyumba rahisi", yaani affordable housing ya Waingereza. Aliyetafsiri hakutia jina lake. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliuliza kwa adabu, "Rahisi kwa nani, mwanangu?" Kijana aliyekuwa akisoma akajibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Swali la mzee yule ndilo kiini cha istilahi hii, na wakubwa wa istilahi wamekuwa wakilipita kando kwa miaka mingi.

Kuhusu "rahisi" sitasema mengi. Ni neno la Kiarabu, rakhis, kitu cha bei ndogo. Kwetu limeongeza maana ya wepesi: mtihani rahisi, kazi rahisi. Ukilibandika kwenye nyumba, msikilizaji anaona kuta za tope na paa linalovuja. Wananchi hawajaomba nyumba za namna hiyo, na hakuna mpango wa taifa unaokusudia kuzijenga.

Mpinzani wa kweli wa neno nitakalolitetea ni "nyumba za gharama nafuu". Neno hili limekita mizizi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, linalo katika matangazo yake. Mawaziri wanalo bungeni. Magazeti yanalo kila wiki. Kenya wanapenda zaidi "nyumba za bei nafuu", lakini tofauti hapo ni ndogo. Bei ni bay', mauziano. Gharama ni gharama, neno ambalo kwa Waarabu hadi leo ni faini au fidia anayotozwa mtu; sisi tumelifanya matumizi yoyote ya fedha. Tatizo langu haliko kwenye bei wala kwenye gharama. Liko kwenye nafuu.

Mzizi wa nafuu ni uleule uliotupatia manufaa, kunufaika na kunufaisha. Kwa Waarabu unahusu faida. Kiswahili kiliuchukua kikaupa kazi nyingine ya pekee, na kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi kitandani kwa mgonjwa. Tukisema mgonjwa amepata nafuu, hatusemi amepona. Tunasema hali yake ya leo haina ukali wa jana. Homa inalinganishwa na homa. Sokoni mantiki ni hiyohiyo: sukari ya duka hili ina nafuu kuliko ya duka la pili, bei ya mwaka huu ina nafuu kuliko ya mwaka jana. Bei inalinganishwa na bei. Popote nafuu lilipo, kitu kinapimwa kwa kitu cha aina yake. Mnunuzi hayumo. Mshahara wake, watoto wake, deni lake la pembejeo, vyote vimebaki nje ya neno.

Dhana yenyewe, kwa upande wake, haina maisha bila mnunuzi. Wanaopanga makazi duniani hutumia kipimo kinachofahamika: gharama ya makazi isizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, katika Maoni yake ya Jumla Na. 4 ya mwaka 1991, ilisema gharama za makazi zisifike kiwango cha kuhatarisha mahitaji mengine ya msingi ya mtu. Tazameni jambo hilo linavyofanya kazi hapa nyumbani. Miaka ya karibuni serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa nyumba za makazi zisizozidi thamani ya shilingi milioni 50. Chukueni nyumba moja ya milioni 50. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, alipokuwa akilipwa 370,000 kwa mwezi, asilimia 30 yake ilikuwa 111,000. Angelipa kwa zaidi ya miaka 37, bila riba hata senti. Mei Mosi ya mwaka 2025 ikatangazwa kwamba kima hicho kitapanda hadi 500,000 kuanzia Julai. Asilimia 30 ikawa 150,000, na miaka ikashuka hadi karibu 28. Nyumba ni ileile. Bei ni ileile. Nafuu yake haikubadilika kwa namna yoyote. Kilichobadilika ni kitu ambacho istilahi yetu rasmi haina uwezo wa kukitaja.

Kitu hicho ni kumudika kwake.

Nimelitetea neno hili kwa muda mrefu na nitaendelea kulitetea. Kumudu ni kuwa na uwezo wa kubeba jambo bila kushindwa nalo: kumudu ada, kumudu familia, kumudu kazi. Hakuna kumudu pasipo mwenye kumudu. Kitenzi kinadai mtu, nacho hakitulii mpaka apatikane. Kitie kauli ya kutendeka upate "mudika", na sasa uwezo umehamia kwenye kitu bila kumsahau mtu, kama tusemavyo mto unavukika au hesabu inafanyika. Mto unavukika kwa nani, msimu gani, kwa chombo gani? Maswali hayo yanazaliwa na kauli yenyewe. Wakazi wa Usinge, ambao wana ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi jirani, hawahitaji kufundishwa kwamba kuvukika si sifa ya mto peke yake.

Nilipolipendekeza neno hili mbele ya kikao kimoja cha wataalamu nilijibiwa kwamba "mudika" halina mapokeo. Jibu hilo lilinisikitisha kwa sababu lilitoka kwa watu waliopaswa kuijua sarufi. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu vinavyoishia na u vinachukua kauli hii kila siku: haribu, haribika, hesabu, hesabika, jaribu, jaribika. Mudu, mudika. Njia imekanyagwa tayari. Mwandishi mwingine, ambaye safu yake inasomwa sana na ambaye sitamtaja, alidai kwamba neno ni "zito mdomoni" na kwamba wananchi wameshazoea nafuu. Wananchi hawajazoea. Wananchi wanasema, "Nyumba zile hatuziwezi," na wakisema kwa urefu wanasema, "Hatuzimudu." Mazoea anayoyataja ni ya semina na vipeperushi. Tena inashangaza kwamba watu walewale wanaolitupa mudika kwa kukosa mapokeo walitumia miaka kadhaa kujadili maneno ambayo hakuna mama wa Kaliua wala dereva wa bodaboda wa Tabora aliyewahi kuyasikia.

Wanaotaka mapokeo waende kwenye barabara iliyopita katika nchi hii kabla ya reli. Misafara iliyotoka pwani ilifika Tabora, ikaendelea magharibi kuelekea Uvinza kwenye chumvi na Ujiji kwenye ziwa. Mpagazi wa Kinyamwezi alijulikana kote kwa kubeba frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Mkuu wa msafara hakuuliza mzigo una bei gani; aliuliza bega gani litaumudu hadi kituo cha jioni. Mzigo uleule ulimudika kwa mmoja ukamshinda mwingine. Hiyo ndiyo hesabu ya makazi, na ilifanywa kwa Kiswahili katika njia hii zamani sana.

Barabara ileile inatuonyesha pia namna neno linavyoharibika likiachwa bila ulinzi. Hongo, enzi za misafara, ilikuwa malipo ya halali aliyopewa mtawala ili msafara upite katika nchi yake: nguo, shanga, waya. Watawala wa Ugogo waliidai, na katika njia ya magharibi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa kuishika njia yenyewe. Malipo yalijadiliwa hadharani, kwa siku kadhaa pengine. Leo hongo ni rushwa, na Mtanzania mwenye shahada hajui kwamba liliwahi kuwa neno safi. Sina hakika kwamba "gharama nafuu" halielekei huko. Kila inapotangazwa nyumba ya gharama nafuu ambayo mwalimu hawezi kuinunua, neno linapoteza kitu, na anayelisikia anajifunza kutoliamini.

Wenzetu wa Kenya wametupa ushahidi ambao sikuutarajia. Sheria yao ya nyumba ya mwaka 2024, iliyofuata baada ya Mahakama Kuu kuibatilisha tozo ya nyumba Novemba 2023, inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri kuongeza kiasi hichohicho. Inagawa nyumba katika makundi: za jamii kwa mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, kisha za kundi la 20,000 hadi 149,000, kisha za wanaozidi hapo. Angalieni kigezo. Ni kipato cha anayekaa ndani. Sheria yenyewe inafafanua nyumba kwa kumtazama mtu, halafu Kiswahili kinachoitangaza kinasema bei nafuu, kana kwamba bei peke yake ndiyo imeandikwa mle.

Nisionekane nachukia kila kilichotoka ofisini. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, una mpango unaoitwa wa kunusuru kaya masikini, na kunusuru ni chaguo zuri sana: linamtaja anayeokolewa na linakubali kwamba yuko hatarini. Sheria ya mwaka 2009 iliyoanzisha fedha za majimbo ilileta Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Kuchochea ni kazi ya mtu aliye jikoni; moto unakuwapo tayari, kuni ni za wenyewe, fedha ya mfuko inasogeza tu kaa. Aliyechagua neno hilo aliwahi kuona wananchi wakifyatua tofali kabla serikali haijafika. Na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulitupa "matofali ya kufungamana", ambayo fundi yeyote anaelewa mara anapoyashika. Wapo, basi, watu wenye sikio. Kwa nini sikio hilo halikufika kwenye jina la nyumba zenyewe, wahusika wanajua.

Matumizi kwa ufupi: nyumba za kumudika, kodi ya kumudika, mkopo wa kumudika, nomino ni umudikaji, na panapotakiwa usahihi anatajwa mtu, yaani nyumba inayomudika kwa mwenye kipato fulani. Gharama nafuu libaki kwenye teknolojia ya ujenzi, pale tofali moja linapolinganishwa na jingine.

Liko jambo moja ambalo halijatendewa haki hata na neno langu, nalo linahusu mahali kama Usinge kuliko Dar es Salaam. Mpango wa taifa unafikiria nyumba iliyokamilika, inayouzwa au kupangishwa. Hapa nyumba hainunuliwi. Inaanza na kiwanja, unafuata msingi, zinafuata tofali za kuchoma zinazosubiri msimu mwingine wa tumbaku au asali, kisha linasimama boma. Boma! Kwa Wakenya ni mji wa mtu, na tovuti yao ya kuombea nyumba ndiyo inaitwa Boma Yangu. Tabora mjini ni ngome aliyoacha Mjerumani. Katika lugha ya halmashauri ni kuta zilizofika kwenye lenta bila bati. Fedha za mfuko wa jimbo hununua saruji na bati za kukamilisha maboma ya shule na zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi. Maboma ya watu binafsi hayana mfuko. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mapema miaka ya 1970 na kukopesha hata vijijini, ilifungwa mwaka 1995, na mikopo mingi ya nyumba iliyopo sasa inadai hati ya kiwanja na hati ya mshahara, vitu ambavyo mkulima wa tumbaku hana. Anachoweza kukimudu ni bati ishirini mwaka huu na milango mwaka ujao. Mkopo wa kiasi hicho, unaorejeshwa baada ya mauzo na wala si kila mwisho wa mwezi, unahitaji jina lake. Napendekeza mkopo wa kuezeka, na safari hii sitasubiri kikao.