Bombay Hakuwa Mkalimani Tu

Juma lililopita nilikuwa Tabora kwa shughuli za kifamilia. Jioni moja, tukiwa barazani kwa dada yangu, nilimuuliza binti yake habari za kazi. Alihitimu digrii ya Kiswahili na isimu miaka miwili iliyopita. Akanijibu, "Mjomba, nasubiri kazi za tafsiri." Kwa miaka hiyo miwili amezipata mbili tu. Ya kwanza alilipwa kwa ukurasa. Ya pili hadi leo anadai.

Hayuko peke yake. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, vijana wengi waliosomea lugha wanangoja kuitwa mikutanoni. Lakini viti vya wakalimani vinahesabika.

Kesho yake nikamchukua hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye ile nyumba ya tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872, ambayo sasa ni makumbusho. Wengi huenda pale kwa habari za Livingstone na Stanley. Mimi nilitaka kumsimulia habari za mtu mwingine: Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1820. Akiwa mtoto alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, akapitishwa Kilwa, akauzwa Unguja, akapelekwa India. Huko akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja na kuingia katika jeshi la Sultani. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke wakamkuta akiwa askari katika ngome moja karibu na Pangani. Speke alikuwa ametumikia jeshi la India, na Kihindustani alikielewa kuliko lugha yoyote ya huku. Hapo Bombay akapata kazi. Novemba mwaka huo wakaingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo.

Ukalimani aliufanya, tena mgumu. Mwaka 1862, katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda, Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, kisha mtu wa tatu akageuza kwa Kiganda. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Lakini ndugu wasikilizaji, kwenye njia ya misafara kugeuza maneno ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Ugogo, msafara haukupita bila kulipa hongo kwa mtemi. Mazungumzo hayo yaliweza kuchukua siku kadhaa: doti ngapi za merikani, kaniki ngapi, shanga za rangi gani. Anayezungumza ilimpasa ajue bei ya kitambaa, heshima ya mtemi, na kiasi cha maji kilichobaki. Neno moja la jeuri liliweza kuwagharimu mzigo mzima. Na hapa Unyanyembe, wapagazi walipomaliza mkataba wao na kutawanyika, ilibidi kuajiri wengine, kupatana nao posho na ujira, na kuwatuliza walipogoma.

Bombay alijifunza yote hayo. Ndiyo maana mwaka 1871 Stanley alimwajiri kuwa mkuu wa askari wa msafara wake. Kati ya 1873 na 1875 alivuka bara zima pamoja na Cameron, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha.

Nisimpambe kupita kiasi. Alidharauliwa pia. Speke aliwahi kumpiga ngumi usoni, na Stanley alimchapa. Ujuzi ulimpandisha cheo, lakini haukumkinga na kiburi cha mwajiri.

Yuko na Jacob Wainwright, Myao mwingine, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, hata akajua kuandika Kiingereza. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyeorodhesha mali zake, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye mti. Oktoba mwaka huo wachukuzi wa maiti wakafika hapo Kwihara. Cameron akawashauri wamzike hapo, wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Shajara ya Wainwright ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1874. Huyu tayari alikuwa karani na mwandishi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Vitabu vya wale wapelelezi viliundwa na watu wa namna hii. Na katika watu hao hakuna aliyekula kwa lugha peke yake. Bombay aliunganisha lugha na uongozi na biashara. Wainwright aliiunganisha na kalamu. Vyuo vyetu vinawapa vijana lugha iliyokamilika, kisha vinawaacha bila cha kuiunganisha nacho. Mwanafunzi wa isimu akifundishwa pia hesabu za biashara, au sheria ya mikataba, hatakuwa na sababu ya kungoja Addis Ababa.

Tukirudi mjini chini ya miembe, binti akaniuliza, "Mjomba, siku hizi hongo inajadiliwa wapi?"

Nikamwambia atazame hapa hapa mkoani. Mkulima wa tumbaku anapowekewa mkataba mbele yake, nani anamsomea kipengele cha bei na cha madaraja? Chama cha msingi kinapokutana na mnunuzi wa asali kutoka nje, nani anazungumza kwa niaba yake, akijua lugha na akijua kilo? Hiyo si kazi ya tafsiri, lakini bila mtu wa lugha haifanyiki vizuri.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ofisi ya ushirika hufunguliwa saa ngapi. Nikamwelekeza. Nikamwambia pia kwamba kabla ya kwenda huko aandike barua ya kudai ujira wake wa ile kazi ya pili, na aiandike kwa lugha iliyonyooka. Asiyejua kujidai haki yake hawezi kumdai mwingine.